Magurudumu matatu kwenye njia ya Nuu

Barabara ya udongo huacha mifuo miwili. Kila gari lililowahi kupanda vilima vya Nuu, huko Kitui, limepita palepale alipopita mwenzake, gurudumu la kushoto juu ya alama ya kushoto na la kulia juu ya alama ya kulia, hata katikati kukabaki tuta la nyasi, mawe na miiba ya migunga. Tuktuk ikiingia kwenye njia kama hiyo, hesabu inakataa. Magurudumu mawili ya nyuma yanaweza kukaa mifuoni, lakini lile moja la mbele linapanda tuta. Dereva ana mawili ya kuchagua: aliendeshe gurudumu la mbele juu ya mawe na kuwatikisa abiria hadi meno yagongane, au alitie kwenye mfuo mmoja na kuiacha tuktuk nzima iende imeinama, abiria wa upande wa juu akimwegemea mwenzake hadi wafike. Wengi huchagua la pili. Kwenye mchanga wa mto kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu gurudumu la mbele halisukumwi na injini. Linalima tu mchanga huku ya nyuma yakizunguka, na abiria hushuka wenyewe bila kuambiwa.

Nimezipanda mashine hizi Pwani, nimezipanda Ukambani, na kila mahali nimesikia zikisemwa vibaya. Si gari, si pikipiki. Kelele nyingi, mwendo mdogo. Mzigo ukizidi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani haushiki. Lawama hizi zina ukweli. Lakini zinanikumbusha lawama nyingine, zilizoelekezwa kwa gari jingine, gari lililotengenezwa Nairobi kwa mikono ya Wakenya na kuonyeshwa hadharani Kasarani mwezi Februari 1990. Miaka 35 ya gari hilo imeshatimia na kupita, na hapa kwetu sikuona aliyewasha hata mshumaa.

Aliyenisukuma kuandika makala haya ni mzee mmoja wa Nuu, fundi aliyestaafu, ambaye ujana wake ulipita katika karakana za reli Nairobi akijifunza kazi ya kalibu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya umbo la mchanga. Aliniomba nisimtaje jina, nami nimemheshimu. Mzee ana kipimo kimoja cha gari na hakibadilishi. Haulizi linakwenda kasi gani wala ni la mwaka gani. Anauliza likivunjika Nuu, saa kumi jioni, litatengenezwa na nani na kwa kitu gani. Kwa kipimo hicho, magari mengi yanayosifiwa leo ni takataka na machache yaliyochekwa ni ya heshima. Nilimsikiliza nikidhani ni ubishi wa uzee. Kadiri nilivyosoma historia ndivyo nilivyoona kwamba kipimo chake kina umri sawa na gari lenyewe.

Gari la kwanza lilikuwa na magurudumu matatu. Wanaoicheka tuktuk wangepaswa kuanzia hapo. Karl Benz wa Ujerumani alipopata hataza ya gari lake mwaka 1886, aliweka gurudumu moja mbele kwa sababu hakuwa bado amepata njia nzuri ya kukunja magurudumu mawili kwa pamoja, jambo ambalo alilitatua miaka kadhaa baadaye. Gari likawa limekaa uani, watu wakiliogopa. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili na kwenda kumwona mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya wa cheche ulipochubuka aliukinga kwa mkanda wa soksi. Mafuta yalipokwisha alinunua kiyeyusho cha kusafishia madoa katika duka la dawa la mji mdogo wa Wiesloch. Breki za mbao zilipolika, alisimama kwa fundi viatu akapigiliwa ngozi juu yake. Mzee wa Nuu hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akasema yule mama angeweza kuendesha gari Ukambani.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Ulaya iliyobomoka ilirudi tena kwenye magurudumu matatu kwa sababu ya umaskini. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa kampuni ya Piaggio aliyeunda skuta ya Vespa, alitoa mwaka 1948 Ape, kigari cha kubebea mizigo chenye usukani wa skuta. Waingereza walikuwa na Reliant ya bodi ya faiba, iliyopendwa na watu wenye leseni ya pikipiki tu. Wajapani walikuwa na Midget ya Daihatsu, iliyopeleka bia na mboga katika vichochoro ambavyo lori halipiti. Bajaj ya India ilipata kibali cha Piaggio mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanza kuunda mashine ambayo baadaye ingevuka bahari, ikashukia Mombasa na Dar es Salaam, ikaingia bara mji baada ya mji. Silinda moja chini ya kiti cha abiria, gia zikibadilishwa kwa kusokota mshikio wa kushoto, na duara la kugeuzia dogo kiasi cha kutosha uchochoro wa Mji wa Kale. Mtu akiiangalia kwa haki, ataona ni ndugu wa karibu wa kile chombo cha Bertha Benz.

Huku kwetu chombo cha kwanza kikubwa kilichopita Ukambani kilikwenda juu ya chuma. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuigusa Makueni pembeni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Kima. Kitui iliachwa nje kabisa. Nuu ilikuwa mbali na reli, mbali na mto wa kudumu, na mbali na kila kitu alichokihitaji mkoloni isipokuwa kodi na vibarua. Mizigo ilikwenda kichwani, mgongoni na juu ya punda. Barabara zilipofunguliwa, nyingi zilichimbwa kwa jembe na sururu, na baada ya uhuru watu walizitunza wenyewe kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kukusanyika kufanya kazi ya mmoja au ya wote bila malipo.

Nimeitaja Kima kwa sababu. Mwezi Juni 1900, katika stesheni hiyo ndogo ambayo sasa iko kaunti ya Makueni, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Simba akaingia, akamuua, akatoka naye dirishani wakati wenzake wawili wakiwa mle mle ndani. Behewa hilo lipo hadi leo. Linatunzwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971, na mtoto wa shule anaweza kugusa mbao zake. Nafurahi kwamba lipo. Lakini lilitengenezwa na wageni, likampakia mgeni, na likahifadhiwa kwa sababu ya kifo cha mgeni huyo. Nalitaja ili msomaji akumbuke kwamba kuhifadhi chombo cha zamani si jambo geni kwa nchi hii.

Magari yaliyofungua Nuu yalikuwa ya aina chache. Lori za Bedford za wenye maduka. Land Rover za serikali na za misheni. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyopendwa katika nchi kavu kwa sababu injini yake inapoozwa kwa hewa na haihitaji radieta, na dereva wa Kitui hakuwa na maji ya kupoteza. Volkswagen kama hiyo, ya Alan Dix na Johnny Larsen, ndiyo iliyofanya vizuri kuliko yote katika mashindano ya kwanza ya Safari mwaka 1953, wakati huo yakiitwa ya kutawazwa kwa Malkia.

Mashindano hayo ndiyo yaliyowafundisha Wakenya kupenda magari ya ajabu. Miaka ya 1960 walimwona Erik Carlsson, Msweden mwenye mwili mkubwa, akiendesha Saab 96 ya silinda tatu iliyokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mwaka 1964 alimaliza wa pili. Alipokwama matopeni hakusubiri trekta: aliibingirisha Saab yake, ikageuka juu chini na kusimama tena pakavu, akaondoka. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, aliirudia kazi ile ile mbele yao. Na mwaka 1963, magari 84 yalipoondoka na 7 tu kurudi, la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Miaka mitano baadaye, katika mvua nyingine ya kutisha, 7 tena ndiyo yaliyomaliza, na wawili hao wakashinda tena na 404.

Hapa mzee huinuka kitini. Peugeot 404 ndilo gari lake. Injini ya lita 1.6 ililazwa upande chini ya boneti, ikiacha nafasi ambayo mkono wa fundi uliweza kupenya hadi chini bila kung'oa kitu. Gia zilikuwa kwenye shina la usukani. Mbele kulikuwa na tundu la kupitishia mtaimbo wa kuwashia, ili betri ikifa gari lisife nayo. Tundu hilo lilimaanisha kwamba mwalimu, muuguzi na mgonjwa wake, mwenye duka na mbuzi wake, wangeweza kulala njiani Nguni au Mui na asubuhi wakaendelea na safari bila kumtafuta mtu yeyote kutoka mjini. Pikapu ya 404 ilijengewa banda la bati na mabenchi mawili, ikawa matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafiri wa umma, na kutoka hapo banda la bati likawa ndilo basi la mashambani. Utingo alisimama nje, mkono mmoja kwenye chuma cha juu, mwingine ukipiga bodi: pigo moja simama, mawili twende.

Iliyofuata 404 ilikuwa 504, nayo iliunganishwa humu nchini hadi mwaka 2004. Kuna kizazi kizima cha Wakenya ambacho safari yake ya kwanza kwenda shule ya bweni ilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha 504, magoti kifuani. Mzee anaikubali 504 lakini kwa shingo upande. Anasema ilikuwa imeanza kujiona.

Sasa nije kwenye gari la Nyayo, lile lililoonyeshwa Kasarani, ambalo mzee angependa makala yote yawe juu yake.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya, hata likiwa na mwendo wa polepole. Maneno hayo ya sura na mwendo ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu, na ndiyo yaliyoliponza. Watu walilicheka gari kabla ya kuliona. Wasomi wa siasa waliona ndani yake tamaa ya mtawala kuacha jina, na hawakukosea: kila kitu wakati ule kilikuwa cha Nyayo, kuanzia mabasi hadi maziwa ya shule. Wafanyabiashara waliuliza nani atalinunua. Waliokuwa na jamaa kizuizini hawakuwa na hamu ya kusikia habari za injini. Na gari lilipotolewa hadharani, nchi ilikuwa ikilia: Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko alikuwa ameuawa mwezi huohuo wa Februari 1990, na mitaani kulikuwa na mabomu ya machozi.

Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana ni vigumu hadi leo kulizungumzia gari lile peke yake. Lakini mzee anataka lizungumziwe peke yake, nami nadhani ana haki. Magari matano yalitengenezwa. Yalikwenda. Yalifikia kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao barabara nyingi za Ukambani haziuruhusu hata leo. Chuo Kikuu kilishirikiana na karakana za reli, za jeshi na vyuo vya ufundi. Watu waliokuwa wakitengeneza breki za mabehewa na vipuri vya injini za treni walitakiwa wapunguze kipimo chao, wafikirie chuma chembamba.

Nilimwuliza mzee ugumu wa kutengeneza injini uko wapi hasa, akanichukulia kipande cha mti na kunionyesha. Kwanza hukatwa umbo la mbao linalofanana na kitu unachokitaka, lakini kubwa kidogo, kwa kuwa chuma kikipoa kinasinyaa, karibu sehemu moja kwa mia. Ukikosea hapo, piston haitaingia. Umbo hilo hufukiwa kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya fremu mbili, mchanga hushindiliwa, kisha umbo hutolewa taratibu na kuacha pango. Lakini bloku ya injini ina mapango ndani ya pango: mashimo ya silinda, na njia nyembamba za maji zinazozizunguka. Kwa hizo hutengenezwa viini vya mchanga uliokaushwa, vikaning'inizwa ndani bila kugusa kuta. Ndipo chuma kinamiminwa, kikiwa kwenye nyuzi kama 1,400 za Selsiasi, kwa mkono usiotetemeka na bila kusita katikati, kwa sababu ukisita kile cha kwanza kimeshaanza kuganda. Mchanga ukiwa na maji mengi, mvuke unapasua. Ukiwa mkavu, kuta zinaporomoka. Unasubiri kipoe, unavunja mchanga, unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Sauti ikilia vizuri umefanikiwa. Ikiwa butu, kuna ufa ndani, na kazi ya wiki nzima inarudi tanurini.

Kutoka Wamunyu, si mbali sana na Kitui, Mutisya Munge alianzisha baada ya vita vya kwanza vya dunia uchongaji wa vinyago ambao umelisha familia za Wakamba kwa karne nzima. Mkono unaochonga twiga wa kuuza kwa mtalii ni mkono uleule unaoweza kuchonga umbo la bloku ya injini. Sijui nchi gani nyingine ingekuwa na maelfu ya mikono kama hiyo karibu na mji wake wa viwanda na isiione kuwa ni hazina.

Na aliyekuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi miaka hiyo ya gari la Nyayo alikuwa Profesa Philip Mbithi, mwana wa Ukambani, mwanasosholojia ambaye jina lake kitaaluma lilijengwa na utafiti kuhusu harambee. Miaka ya 1970 aliandika pamoja na Rasmus Rasmusson kitabu juu ya jinsi wanavijiji wa Kenya walivyojijengea shule, mabwawa na barabara wenyewe. Huyo ndiye aliyesimamia chuo wakati gari linaundwa. Napenda kufikiri kwamba mtu aliyeijua mwethya hakuiona kazi ya kuunda gari kuwa kichekesho.

Kampuni ya Nyayo Motor Corporation iliundwa ili magari yatengenezwe kwa wingi. Hayakutengenezwa. Fedha hazikupatikana. Mwishoni mwa mwaka 1991 wafadhili walisimamisha misaada wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi, Serikali ikawa na madeni ya haraka kuliko injini, na fedha za umma zikafujwa katika kashfa ya Goldenberg. Biashara ya nje ilipofunguliwa, meli za magari yaliyotumika Japani zikajaa Kilindini kwa bei ambayo hakuna kiwanda kichanga kingeweza kushindana nayo. Kampuni ikabadilishwa jina na kuwa Numerical Machining Complex, ikaendelea kuchonga vipuri vya viwanda vingine. Mashine zilibaki. Kikosi kilichojua kuunda gari kuanzia mchanga hadi barabarani ndicho kilichotawanyika.

Hapa ndipo ninapokosana na wanaosema kwamba gari la Nyayo lilishindwa kwa sababu lilikuwa baya. Magari matano ya mfano ni mwanzo wa kazi ya kiwanda, na kila kampuni ya magari duniani ina matano yake ya aibu mahali fulani. Kosa lilikuwa kulifanya la mtu mmoja. Lilipoamriwa kutoka juu, lilipata kila kitu kutoka juu. Na huko juu kulipogeuka, hapakuwa na mnunuzi, mkopeshaji wala fundi wa kijijini aliyeona kwamba ni lake. Tanzania ilikuwa na lori lake la Nyumbu, lililoundwa Kibaha chini ya jeshi, nalo lilipata taabu zinazofanana na hizo. Uganda ilikuja nyuma yetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi na walimu wa Makerere walitoa gari dogo la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Mwaka 2016 wakatoa basi la Kayoola lenye paneli za jua paani. Na mradi ule ukawa kampuni yenye kiwanda Jinja. Walichofanya Waganda ambacho sisi hatukukifanya ni kutokiruhusu kikosi kitawanyike baada ya picha za magazetini.

Kuna hata mfano wa kuheshimu chombo cha usafiri ulio karibu na moyo wangu zaidi. Goma, mashariki mwa Kongo, mji uliopigwa na volkano na vita, ulisimamisha mwaka 2009 sanamu kubwa ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa na vijana wakibeba makaa, viazi na mihogo kushuka milimani. Chombo cha maskini, cha mbao, kisicho na injini. Wakakipaka rangi ya dhahabu na kukiweka katikati ya barabara ambapo kila tajiri mwenye gari kubwa analazimika kukizunguka.

Sisi tuna maonyesho ya magari ya zamani, na ni mazuri. Concours d'Elegance imefanyika Nairobi tangu mwaka 1970, ambapo wenye magari yaliyotunzwa huyang'arisha mpaka chini ya boneti na majaji hupita wakitafuta vumbi. Lakini jumba la taifa la kuhifadhi magari yaliyojenga nchi hii hatuna. Pikapu yenye banda la bati na mabenchi mawili ilibeba Wakenya wengi kuliko gari lolote linaloonyeshwa kwenye Concours, na hakuna jaji aliyepangiwa kuikagua.

Miaka ya karibuni inasimulika upesi. Mwaka 2008 Serikali iliziondolea ushuru wa VAT pikipiki zenye injini ndogo, na bodaboda zikafika kila kijiji cha Kitui na Makueni kabla ya lami na mara nyingi kabla ya umeme. Probox ikachukua nafasi ya 504. Mobius, gari lililobuniwa Nairobi kwa ajili ya barabara za vumbi, liliingia sokoni likasifiwa, na Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufungwa kwa hiari, kabla ya kupata mnunuzi. Vigari vya magurudumu matatu vya mizigo vinabeba mitungi ya maji, saruji na magunia ya ndengu. Nuu imeingia kwenye habari za taifa mara moja tu katika kipindi hicho, na ilikuwa kwa msiba: tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu lilizama katika mto Enziu uliofurika, na zaidi ya watu 30 wakafa. Barabara yetu ilijulikana Kenya nzima siku ile. Watu wa Nuu walikuwa wameuvuka mto huo kwa miguu, kwa punda, kwa 404 na kwa kila chombo nilichokitaja hapa, kila msimu wa mvua wakibahatisha, na daraja la kufaa likaja kuzungumziwa kwa dhati baada ya maiti kuopolewa.

Nyuma ya masoko mengi ya Ukambani bado kuna mizoga ya 404, haina vioo, kuku wakitaga ndani. Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na mizoga hiyo ikapata nafuu ya miezi michache. Mei marufuku ikaondolewa, na wanunuzi wakarudi na mizani zao. Kila kaunti ina idara ya utamaduni. Kitui inaweza kununua mzoga mmoja kwa bei ya kilo za chuma, na Makueni mwingine, na wizara husika Nairobi inaweza kuamua kwamba gari la Nyayo litembezwe kwenye maonyesho ya kaunti hizi ambako watoto wa mafundi wataliona bila kulipa nauli ya kwenda mjini.

Mzee yuko tayari kuitengeneza 404 bila ujira, mradi apewe kijana mmoja mwenye macho mazuri wa kumshikia vifaa, ajifunze naye. Amekwishaniandikia anavyovihitaji: kabureta ya Solex, radieta, pete za piston, gaskiti ya kichwa cha silinda, springi nne za nyuma, na mtaimbo wa kuwashia. Mtaimbo, ameandika pembeni, ataufua mwenyewe.